Rais wa Mkopo

"Laki nne kwa sura moja? Subiri kwanza tushinde!" alifoka Bwana Kigwasi, mkuu wa kampeni za rais pale mjini.

"Tulikubaliana nikimaliza unalipa," alijibu Mashavu mchoraji, mikono kiunoni.

"Kumchora rais ni heshima, dada. Heshima hailipwi."

Mashavu akautazama ukuta wa soko, alikokuwa amemchora rais akitabasamu. Rais mwenyewe alitarajiwa kuhutubia hapo jioni.

"Haya bosi, yaishe. Ila ndiyo aje aukute uso wake na vumbi lote hilo? Mtamwaibisha."

Kigwasi alishtuka, akaita gari la maji. Mpira ulipofunguliwa, vumbi likatoka. Yakafuata masharubu, likafuata tabasamu, mwisho kipara chote kikatiririka mtaroni. Nyuma yake akachomoza mgombea wa upinzani aliyehutubia hapo wiki iliyopita, meno yote nje. Soko zima likaangua kicheko.

"Umefanya nini, mwanamke?"

"Yule, watu wake walinilipa taslimu, nikampaka rangi ya mafuta. Wa kwako alikuwa wa mkopo, nikampaka chokaa. Jioni bado, bosi, na rangi ya mafuta ninayo. Lete laki nne."