Mkataba wa Miaka Tisini na Tisa

Kale, wanangu! Itikieni: kale na kale yake. Sogeeni. Na wewe mwenye muwa acha kutafuna, siwezi kushindana na meno yako.

Kale hiyo, nchi ya Teksasi ilikuwa ya Meksiko, nayo Meksiko ilisema: hapa mtumwa haingii. Wakaja walowezi kutoka Marekani, wakitafuta mashamba ya pamba. Wakaja, wakaja, na watumwa wao nyuma. Walipofika kwenye mto wa mpakani walimwambia kila mtumwa, "Weka alama hapa." Alama ya nini? Ya mkataba: huyu si mtumwa tena, ni kibarua aliyekubali kazi ya miaka tisini na tisa. Mnacheka? Chekeni. Waliotia alama hawakucheka.

Mmoja wao alikuwa Dorkasi, mpishi wa Bwana Toliva, naye alikuwa mjamzito. Akavuka, akajifungua binti upande wa Meksiko.

Sasa, sheria ya huko ilitaka kila mlowezi awe Mkatoliki. Padri alipopita, Toliva akapeleka nyumba nzima ibatizwe, maana alipenda kusifiwa. Akajigamba, "Andika, Padri! Mtoto huyu kazaliwa papa hapa, shambani kwangu!" Padri akaandika. Mama wa ubatizo akawa Tomasa, mwoka mikate wa mjini, akamwita mtoto Inesi.

Miaka miwili ikapita. Toliva akataka kumpeleka Inesi Marekani, akamuuze. Dorkasi akasikia, akamwambia Tomasa. Tomasa akaacha unga kwenye beseni, huyoo, kwa hakimu wa mji.

Toliva akaja na mkataba, na jina la mtoto limo. "Aliwekewa alama pamoja na mama yake, kabla hatujavuka," akasema.

"Kabla hamjavuka?" Hakimu akamwita padri. Padri akafungua kitabu cha ubatizo, akasoma polepole maneno ya Toliva mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, wanangu.

"Aliyezaliwa hapa ni huru," hakimu akasema. "Mtoto aende."

"Na mama yake, Bwana Hakimu?" akauliza Tomasa.

Hakimu akautazama mkataba. Akautazama tena. "Huu una alama yake."

Hapo mimi hukasirika mpaka leo. Mtu mzima, msomi, akaogopa karatasi!

Dorkasi hakulia. Akamfunga mtoto mgongoni mwa Tomasa, akakaza fundo mwenyewe.

"Dada Tomasa, ondoka naye leo hii, uende kusini. Usimlete kunisalimia. Akirudi watamshika."

"Nimwambie nini akiuliza?"

"Mwambie sikumtupa."

Inesi alikua, akaolewa, akazaa. Mama yake hakumwona tena.

Basi wanangu, msiisifu sheria kwa utamu wa maneno yake. Tazameni kwanza imemwacha nani nje.

Kisa nimekitua. Atakayekibeba, asikipunguze.