Mshika Mfuko wa Bi Saumu

Bi Saumu, muuza vitumbua wa Muheza, alichelewa kulipa deni la Bwana Shekue, tajiri mwenye duka la jumla. Tajiri akamfuata hadi jikoni.

"Hujui kupanga matumizi, Bi Saumu. Kuanzia leo pesa zote za nyumba hii nashika mimi. Nitajilipa kwanza, kisha nitakupa ya unga na sukari."

"Sawa, bwana. Ila useme mbele ya mashahidi, nisije nikakugeuka kesho."

Hilo lilimpendeza. Bi Saumu akatoka, akarudi na watu watano, akawakalisha mkekani.

Bwana Shekue akakohoa kidogo. "Mfuko wa nyumba hii sasa ninao mimi. Anayetaka hata senti humu, aje kwangu."

"Tumesikia," wakaitikia.

Bi Saumu akamkabidhi mfuko. Ndani mlikuwa na shilingi elfu tisa. Hakuna shahidi aliyeondoka.

"Mnangoja nini?" tajiri akauliza.

"Mimi namdai kodi ya miezi miwili," akasema wa kwanza. Akafuata wa kuni, wa maziwa, wa bati na wa ada ya madrasa.

Tajiri akamgeukia Bi Saumu. "Na mimi nijilipe lini?"

"Ukishawamaliza hao," akajibu, akigeuza kitumbua. "Sasa wewe ndiye mwenyeji, na mwenyeji hali kabla ya wageni."