Hatua Mbili Katika Zizi la Nyuma

Mtu mmoja, jina lake Rwekaza, alikuwa na ng'ombe wengi na desturi moja: ndama asiyeweza kusimama kufikia siku ya tatu alipelekwa zizi la nyuma. Hakuuawa. Alipelekwa tu, na Rwekaza hakumwona tena.

Huko watumishi hawakudumu. Waliingia masika, wakatoka kabla ya kiangazi. Akabaki mmoja, Kokushubila, miaka kumi na moja. Wenzake walimcheka: "Dada, umeolewa na zizi?" Rwekaza akamhurumia. Akatuma mtu amwambie ahamie nyumba kubwa, asimamie maziwa na samli. Kokushubila akakataa.

Rwekaza alipigwa na butwaa. Nani hukataa kupandishwa? Akaenda mwenyewe kumwuliza, na njiani ndipo alipotambua kuwa hajui mlango wa zizi lile uko upande gani.

Alimkuta amepiga magoti matopeni, vidole vimelowa maziwa, ndama kipofu akivinyonya. Siku arobaini alikuwa akimfundisha hivyo. Kokushubila akainuka, akarudi nyuma, akamwita ndama kwa jina. Ndama akatetemeka, akasimama. Akapiga hatua mbili, akaanguka. Mwanamke akapiga kigelegele peke yake.

Rwekaza hakujua kwamba ndama wale walikuwa na majina. Akatazama juu: paa limetoboka, mbingu inaonekana. Akatafuta hori la maji. Hapakuwa na hori. Palikuwa na ndoo moja, na ngata iliyochakaa, na mto uko bondeni kabisa. Miaka kumi na moja!

"Hatua mbili," alisema. "Ndizo zilizokuweka hapa?"

"Ndizo, bwana. Ndama wa kule mbele hutembea hata nikilala. Hizi mbili nimeziona zikizaliwa. Na walioondoka, bwana, hawakuwakimbia ndama. Walilikimbia paa."

Rwekaza akakaa chini, palepale matopeni.

Nanyi mnaowasifu walimu wa watoto wenye ulemavu kwa kudumu kwao kazini, hadi lini mtauachia upendo wao mzigo ulio wenu?