Visu vya Kajiru na Kile Asichokitazama

Paukwa!

Pakawa!

Nimesema paukwa!

Pakawa!

Haya, itikieni hivyo hivyo. Bibi yenu amepalilia tangu asubuhi, na sauti iliyobaki inatosha hadithi moja tu. Mkinikatiza nitasinzia, msije mkanilaumu.

Hapo kale, huko milimani kwa watu wafuao chuma, palikuwa na mtu na mkewe. Mume aliitwa Kajiru, mke aliitwa Nakunda. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Mbonea, ndiyo kwanza anaanza kung'oka meno ya utoto.

Kajiru alipenda visu. Wengine hupenda pombe, wengine hupenda maneno ya watu, yeye alipenda visu. Kiunoni visu, kwapani visu, mguuni visu, hata kofiani alichomeka kimoja. Alikuwa na cha mpini wa mpingo, alicho nacho tangu ujana, na cha mpini wa pembe ya kuro, na vingine hata mimi sivijui. Akitembea analia kama mbuzi mwenye njuga. Ukikosea ukamwuliza, "Kajiru, leo umebeba kipi?" basi hufiki uendako. Utaonyeshwa vyote, utatajiwa aliyekifua kila kimoja, mti wa mpini na ngozi ya ala.

Lakini kukata, havikukata.

Nakunda akisema, "Baba Mbonea, niazime kisu nikate mboga," hujibiwa, "Hicho si cha kukatia."

"Basi nikate kamba ya mbuzi."

"Hicho si cha kukatia."

"Basi nichane ngozi hii ya kulalia mtoto."

"Mama Mbonea, mara ngapi? Hicho si cha kukatia!"

Nakunda akaacha kuomba. Alikuwa na kisu chake alichoachiwa na marehemu mama yake, mpini umefungwa kwa kamba ya mgomba, bapa limelika kwa kunolewa hata likawa jembamba kama jani la mchaichai. Kila asubuhi alikinoa juu ya jiwe la mlangoni, kisha akaenda shamba, akateka maji, akachanja kuni, akapika. Alichoka. Sisemi uchovu wa siku moja, wanangu. Nasema ule unaolala nao, na ukiamka unaukuta umeshakaa kitandani unakungoja.

Sasa shikeni jambo moja. Kwa watu wale kisu hakitoki mkononi kikaingia mkononi. Ukitaka kumpa mwenzio kisu, unakiweka chini, naye anakiokota mwenyewe. Mkipeana mkono kwa mkono, kile kilichowafunga ninyi wawili kinakatika. Udugu unakatika, ahadi inakatika, hata ndoa. Mtoto wa kule alifundishwa hilo kabla hajafundishwa kuamkia wakubwa.

Basi, siku moja Kajiru akasikia kwamba nyuma ya mlima yuko mhunzi ambaye visu vyake havina mfano. Akaenda. Akakuta banda la kufulia chuma, na ndani ya banda hamna mtu, mna zimwi. Nywele hadi magotini, kidole gumba kinene kama mchi. Lilikuwa limekaa kwenye mivukuto likipuliza moto polepole, nalo limechoka, maana hata mazimwi huchoka. Ukutani visu vimening'inia, vinameremeta.

"Karibu, mpenda visu mwenzangu," likasema.

Kajiru alipoviona visu akasahau kuogopa. Akanyoosha kidole. "Kile chenye mpini mweusi unataka nini? Mbuzi? Asali?"

"Sitaki mbuzi, sitaki asali. Nipe kile usichokitazama nyumbani kwako."

Kajiru akawaza, kitu nisichokitazama kina faida gani kwangu? "Chukua," akasema.

Zimwi likaweka kisu juu ya jiwe, Kajiru akakiokota, akaenda zake akipiga mbinja.

Kumbe kitu asichokitazama kilikuwa shamba. Nakunda alipofika kule alikuta mahindi yote yamekauka, mabua matupu. Akakaa juu ya tuta, akalia kidogo, kisha akashika jembe akaanza upya.

Siku moja tena, Kajiru akarudi kwa zimwi. Safari hii alitaka kisu chenye bapa la mawimbi.

"Nipe kile usichokitazama nyumbani kwako."

"Chukua."

Kisu kikawekwa juu ya jiwe, Kajiru akakiokota. Kumbe kitu asichokitazama kilikuwa paa la nyumba. Likatoweka lote, na mvua ikanyesha siku tatu. Nakunda akaenda kukata nyasi kwa kisu chake kile chembamba, akaezeka peke yake, mume yuko chini anapangusa visu visilowe.

Siku moja tena, mara ya tatu, zimwi likamwonyesha kisu cha kukunja. Kidogo, kinajaa kiganjani, na ukikipulizia kinafunguka chenyewe kama ua. Kajiru akakipulizia, kikafunguka. Akakipulizia tena, kikajifunga. Machozi yakamlengalenga.

"Nipe kile usichokitazama nyumbani kwako."

"Chukua, chukua!"

Akarudi anakipulizia njia nzima. Mlangoni akamkuta Nakunda amesimama.

"Baba Mbonea, mtoto yuko wapi? Alikuwa hapa anacheza, nimegeuka simwoni. Umepishana naye njiani?"

Kajiru akakitazama kile kisu kiganjani. Ndipo akajua. Akataka kueleza mtoto wake alivyo, asiweze. Hakujua asubuhi ile alivaa nini. Hakujua ni jino gani lililong'oka. Basi akaanguka magotini, akasimulia yote, zimwi, jiwe, na maneno yale.

Nakunda hakumgombeza. Kugomba nako kunataka nguvu.

"Twende," akasema.

"Twende, mke wangu, twende! Ngoja nichukue kisu." Akavitandaza vyote mkekani akaanza kuchagua. "Hiki kitachubuka. Hiki kitashika damu. Hiki… hapana, hiki hapana."

Nakunda akamtazama. Akachukua mihogo miwili na kisu chake cha jikoni, akaondoka.

Akapanda mlima, akashuka mlima, akafika bandani. Mbonea alikuwa ndani ya tenga lililotundikwa, na zimwi limekaa chini yake, macho yote kwake.

"Namtazama," likasema zimwi. "Tangu amefika namtazama. Akinenepa kidogo nitammeza."

"Nirudishie mwanangu."

"Sikumwiba."

"Nirudishie mwanangu."

"Kisu nilikiweka juu ya jiwe, mumeo akakiokota mwenyewe. Mapatano yetu ni mazima, hayana ufa."

"Nirudishie mwanangu."

"Mama wewe, umechoka. Kaa."

Nakunda akakaa. Tangu aolewe hakuna aliyemwambia kaa, na wa kwanza kumwambia akawa zimwi.

"Mama," akasema Mbonea toka tengani, "nina njaa."

Nakunda akatoa muhogo mmoja, akaumenya. Ganda likatoka refu, halikatiki, mpaka likagusa vumbi. Akaukata vipande, akamrushia mtoto tengani, kimoja kimoja. Zimwi likaondoa macho kwa mtoto, likatazama kisu. Lilikuwa halijaona jambo kama lile. Visu vyote vile ukutani, nalo likila mihogo na maganda yake na udongo wake, fizi zinaliuma, kwa sababu havikuwa vya kukatia.

"Kisu hicho," likasema polepole, "kimefuliwa na nani?"

"Sijui aliyekifua. Mama yangu alikinoa miaka thelathini, nami nimekinoa miaka kumi."

"Mimi nimefua visu mia saba. Sina hata kimoja kilichopata kufanya kazi." Zimwi likameza mate. "Nipe nikitazame. Nipe tu nikitazame!" Likanyoosha mkono, kiganja wazi.

Mkono wa Nakunda ukainama kuelekea jiwe kwa mazoea, uweke kisu chini kama alivyofundishwa. Katikati ya njia ukasimama. Akakitazama kiganja cha zimwi. Akakitazama kisu, kitu pekee alichobakiwa nacho cha mama yake. Moyo ukamwuma kweli.

Kisha akakiweka moja kwa moja katika kile kiganja.

Zimwi likafumba vidole kwa tamaa. Papo hapo visu vyote ukutani vikaanguka, na tenga likakatika kamba likashuka chini na Mbonea ndani yake, mzima.

"Umekipokea mkononi," akasema Nakunda. "Kilichoifunga nyumba yangu na banda lako kimekatika."

Zimwi likautazama mkono wake lenyewe. "Na mimi ndiye mhunzi, mwiko wa visu naujua kuliko wote," likasema. "Tamaa, mama wewe. Nenda na mwanao. Lakini kisu hiki hukipati tena."

"Baki nacho," akasema Nakunda, kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kufurahi.

Akambeba Mbonea mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa.

"Mama, unalia?"

"Nimechoka tu, mwanangu."

Walipofika nyumbani Kajiru alikuwa bado yuko mkekani. Vile visu vitatu vya zimwi vilikuwa vimegeuka mkaa mikononi mwake, uso mweusi kwa kujifuta machozi. Alipomwona mtoto akasimama.

Nakunda akakaa kwenye jiwe la mlangoni, akatoa muhogo wa pili, akapeleka mkono kiunoni kutafuta kisu. Hakuna. Hapo ndipo alipolia kwa sauti, kilio cha miaka yote kumi.

Kajiru akaitazama mikono ya mkewe. Ilikuwa na nyufa, na kovu moja refu la kukatia nyasi za paa. Basi akachukua kile cha mpini wa mpingo, alichokipenda kuliko vyote, akakilowesha maji, akakinoa pale pale kwenye jiwe. Mng'aro wote ukachubuka. Akanoa, akanoa, akanoa. Akakiweka chini mbele yake.

"Hicho si cha kukatia," akasema Nakunda.

"Ni cha kukatia, mama Mbonea."

Nakunda akakitazama, asikiokote. Akafuta machozi, akaegemeza mgongo ukutani.

"Menya wewe," akasema.

Kajiru akamenya. Alimenya vibaya, ganda nene, nusu ya muhogo ikaenda na ganda, na kidole akajikata. Mbonea akacheka mpaka akashika tumbo. Baba yake akainua macho, akamwona, na pengo lilikuwa juu, upande wa kushoto.

Hadithi yangu inakaa kitako hapo hapo, mlangoni pa Nakunda, nayo imechoka kama mimi. Mafunzo yake ni haya: kitu chako usipokitazama wewe, atakuja wa kukitazama, na hutapenda macho yake.

Haya, kalaleni. Na yule aliyekalia kisu changu cha kumenyea akiweke chini, nitakiokota mwenyewe.