Kwa Nini Ruba Hukimbilia Mguu Uingiapo Majini

Mnasema ruba ni mdudu asiye na haya, kwa kuwa hujificha chini ya jiwe mchana kutwa, kisha mguu wa mtu ukigusa maji tu anatoka mbio kama aliyeitwa. Basi sikilizeni. Zamani ruba hakujificha. Zamani, huku milimani kwetu, ruba alikuwa ndiye mwenye maji.

Angalau ndivyo watu walivyoamini. Katikati ya bustani za magimbi palikuwa na ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo linalokusanya maji ya kumwagilia, na ndani yake ruba walielea mchana kweupe, weusi, wanene, wakiota jua. Kila aliyekuja kuchota alitumbukiza kwanza mguu mmoja, akasimama kimya mpaka ruba amshike, anywe, ashibe na kuachia. Huo ulikuwa ushuru wa maji. Walisema asipolipwa atahama, na akihama maji yatamfuata. Kwa hofu hiyo hakuna aliyewahi kuthubutu kuitoa ndiva maji yote. Tope liliongezeka mwaka hadi mwaka, kina kikapungua, ruba wakazidi kuzaana, na watu wakauita wingi wao baraka.

Nakiete aliulipa ushuru huo tangu alipokuwa msichana, na miguu yake ilikuwa na makovu kushinda ya mtu yeyote pale. Alikuwa mjane. Binti yake alikufa kwa uzazi, akamwachia mjukuu mchanga ambaye hakuwa na chakula kingine ila maziwa ya ng'ombe wa bibi yake, na ng'ombe huyo alikuwa mmoja tu.

Siku moja ng'ombe alirudi kutoka kunywa maji huku akitikisa kichwa. Kesho yake alitoka damu puani, akaacha kula, na maziwa yakaanza kupungua hadi yakawa hayafuniki hata tako la kibuyu. Nakiete aliigeuza ile pua juani, akamwona ruba amejibana ndani, amevimba. Alipojaribu kumvuta, ruba aliteleza vidoleni na kuzidi kuingia.

Akaenda ndivani kwa adabu zote, akasimama mbele ya ruba mkubwa aliyelala juu ya jiwe.

"Bwana wa maji, ushuru wako nimelipa kwa mguu wangu," alisema. "Mbona umemwingia ng'ombe wangu puani?"

Ruba hakujisumbua hata kugeuka. "Ng'ombe naye hunywa maji yangu. Na hicho kitoto chako, kikishajua kutembea, ukilete."

Nakiete alirudi nyumbani, akamfunga mjukuu mgongoni, akachukua jembe na kapu, akaenda moja kwa moja kwenye kizibo cha ndiva na kuking'oa.

Maji yaliposikika yakiteremka bondeni, watu waliacha kulima wakaja mbio. Mzee Senkondo, mkuu wa ukoo, alisimama ukingoni.

"Nakiete, mwanangu, maji yakituhama utatupeleka wapi?"

"Sijui, baba. Maziwa yameshanihama mimi. Niache niyajue haya maji ni ya nani."

Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyemzuia pia, maana kumzuia kulitaka mtu ashuke katikati ya wale ruba. Ndiva ikabaki tope tupu. Ruba walijikunja na kujinyoosha juani, huku yule mkubwa akicheka kwamba sasa watu wamejionea wenyewe. Wanawake wakaanza kulia. Nakiete alizoa tope kwa mikono, akajaza kapu, akalimwaga bustanini, akarudi kuzoa tena. Jua lilipanda, mtoto akalia njaa, na tope likawa lile lile. Msidhani hakuogopa. Aliogopa, lakini akaendelea kuzoa.

Ndani ya tope lile walikuwamo minyoo, viumbe ambao hakuna aliyewahi hata kuwasalimu. Nakiete aligundua kwamba wote walikuwa wakitambaa kuelekea upande mmoja, kwenye kona yenye jiwe pana, ambako tope lilikuwa bado baridi. Akaacha kwingine kote, akachimba pale walipojazana. Alipoliinua jiwe kwa jembe, maji yalibubujika kutoka ardhini, safi, ya baridi, yakamlowesha hadi magotini. Chemchemi ilikuwapo siku zote, imezibwa na tope. Wala haikuuliza ruba yuko wapi.

Kila mtu alikuwa akiyatazama makovu ya miguu yake mwenyewe.

Nakiete hakungoja pongezi. Alikinga maji katika bakuli, akayashika chini ya pua ya ng'ombe. Ruba wa ndani alihisi ubaridi wa maji, akachungulia kupokea chake, na Nakiete, aliyekwisha kupaka vidole majivu, akamkamata na kumtoa. Alipoona majivu yamemlegeza ruba huyo, Mzee Senkondo mwenyewe alikwenda kuleta kapu la majivu jikoni kwake, akayamwaga ndivani kwa mikono miwili bila kumtazama mtu usoni. Ruba walionusurika walijibanza chini ya mawe. Minyoo waliachwa bustanini pamoja na tope, na magimbi makubwa kama ya mwaka ule hayajaonekana tena.

Na tangu siku hiyo, kabla ya mvua za kwanza, ndiva hufunguliwa ikakauka kabisa. Tope hupelekwa bustanini na minyoo wake, majivu hunyunyizwa kati ya mawe, na maji mapya yakitoka, kibuyu cha kwanza hapewi mzee wala mkuu wa ukoo. Huoshwa nacho miguu ya mtoto mdogo kuliko wote, miguu isiyo na kovu. Ruba yeye hajakubali mpaka leo. Kila asikiapo mguu umeingia majini hutoka mbio chini ya jiwe lake, akidhani watu wamejirudi, na wamemletea ushuru wake.