Kikosi cha Karatasi cha Mwanakheri

Hapo zamani, ukuta wa mji wa Pumbwe ulipokuwa bado mpya, watu walipenda mpira kuliko wali. Na kwa kuwa si wote walioweza kuucheza, wakabuni mchezo juu ya mchezo: kila Ijumaa kabla ya mechi, kila mtu aliandika karatasini majina kumi na moja ya wachezaji wa mtaa wowote, akampa karani, na kila bao alilofunga mchezaji wako, ulipata alama tatu.

Mwanakheri, msuka mikeka, hakuwa na kitu ila kibanda na kiunga kidogo cha mikindu, lakini alimshinda Sultani kila wiki. Na Sultani kila akishindwa, alibadili sheria ya wiki inayofuata. Mara washambuliaji wasizidi wawili, mara aliyefunga Ijumaa iliyopita asianzishwe. Mwanakheri akashinda tu. Basi akaitwa barazani.

"Ewe mama mikeka, Ijumaa hii kikosi chako kisiwe na mchezaji hata mmoja wa timu yoyote. Ukishindwa, kiunga chako ni malisho ya farasi wangu."

"Nimesikia, Maulana. Na majina yawe kumi na moja vilevile?"

"Kumi na moja! Lisipungue hata moja!" Baraza zima likaangua kicheko.

Mwanakheri akarudi akikihofia kiunga chake, maana bila ukindu hana mkeka, na bila mkeka watoto hawana uji. Akawa anasuka na kuwaza, mara akapita mpiga mbiu akitaja majina ya heshima ya Sultani, moja baada ya jingine. Mwanakheri akahesabu kwa vidole. Vidole vikaisha, likabaki moja. Akacheka peke yake hata mtoto mgongoni akaamka.

Ijumaa ikafika. Ilikuwa desturi Sultani kupiga teke la kwanza na makubazi yake ya ngozi miguuni, na mlinda lango kumwinamia kwa adabu, mpira ukijiendea wavuni polepole kama kobe, na watu wote kupaza sauti, "Bao halali!" Ikawa hivyo. Kisha timu za mitaa zikapambana, na kikosi cha Sultani kikapata alama tisa.

Karani akafungua karatasi ya Mwanakheri, akasoma: "Simba wa Pumbwe. Ngao ya Mayatima. Jua la Asubuhi. Mshinda Tembo..." hata yakatimia kumi na moja.

"Hayo ni majina yangu!" akanguruma Sultani.

"Naam, Maulana, nawe huna timu unayochezea. Wote wamefunga leo. Alama thelathini na tatu. Ama niambiwe, ni yupi hakufunga? Simba? Ngao ya Mayatima? Au lile bao halikuwa bao?"

Waziri akatazama vidole vya miguu yake. Sultani akafumbua kinywa alikane bao, akakifumba. Akatafuta katika majina yake moja la kulikana, asione hata moja analokubali kuliacha. Basi mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hata kilemba kikamwangukia puani.

"Kiunga ni chako, na cha pembeni yake nakuongezea. Na sheria za vikosi sizigusi tena. Ila niambie, mama, wiki ijayo nisimwanzishe nani?"

"Mlinda lango yule, Maulana," akasema Mwanakheri. "Kila Ijumaa anafungwa, na anayemfunga amevaa makubazi."