Kiti cha Mzee Mkude

Kiti cha mwema hakifungwi kamba. Mmeisikia jana msibani, leo mmenijia mbio kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni, ila msinikatize, maana nyie kwa maswali hamjambo. Methali hii ilizaliwa mashineni, na aliyeizaa wala hakujua anazaa nini.

Mzee Mkude ndiye aliyeleta mashine ya kwanza ya kusaga mahindi hapa mjini, na kwa miaka kumi na minane alikuwa pia diwani wetu. Alipofariki, mashine ikabaki kwa bintiye, Zamda. Zamda alimpenda baba yake, jamani, tusimsingizie. Mlangoni palikuwa na kiti cha mbao ambacho watu wote walikiita kiti cha Mzee. Akakifuta, akaweka picha ya marehemu juu yake, akakizungushia kamba nyeupe asikikalie mtu.

Ajabu ikaanzia hapo. Kina mama wakawa wanapita na ndoo zao za mahindi kichwani, wanamsalimu vizuri tu, kisha wanavuka reli kwenda kusaga mbali. Zamda hakuelewa. Bei ni ileile. Akaonja unga, hauna mchanga. Akasomesha hitima, watu wakaja, wakala pilau, wakamlilia marehemu machozi ya kweli, na kesho yake wakavuka reli tena. Akaleta picha kubwa zaidi. Wapi!

"Shomvi, tumerogwa?" akamuuliza fundi wa mashine.

"Mimi najua vyuma tu, dada," Shomvi akajibu.

Zamda akachanganyikiwa. Aliona kazi ya baba yake inafia mikononi mwake, na hajui hata amekosea wapi.

Asubuhi moja akaingia Bibi Nyamizi, mjane wa mtaa wa pili, mikono mitupu. Hakupiga hodi. Akaishusha picha, akafungua kamba, akakaa.

"Bibi! Hicho kiti cha baba!"

"Cha baba yako? Lini ulimwona amekikalia?"

Zamda akakitazama kiti. Kila alivyomkumbuka, baba yake alikuwa amesimama, unga mpaka kwenye nyusi, anamsikiliza mtu aliyeketi.

"Mtu akija na shida, alimwambia kaa kwanza, ndipo useme," Bibi akaendelea. "Hapa nilikaa nikamwambia zahanati haina mkunga, na mkunga akaletwa. Kusaga tunasaga popote, mwanangu. Hapa tulikuja kwa sababu tulikuwa na pa kukaa. Ulipofunga kamba tukasema, basi, mtoto ametufukuza."

"Sikuwafukuza! Nilikuwa namheshimu baba!"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Kiti cha mwema hakifungwi kamba."

Zamda aliona haya, akalia kama siku ya mazishi. Alipomaliza akajifuta uso kwa kanga, akabaki amesimama mbele ya kile kiti.

"Shikamoo, Bibi," akasema, maana hata salamu walikuwa hawajapeana. "Nakusikiliza."

"Marahaba. Bomba la mtaa wetu limekauka, leo siku ya tano."

Zamda hakuwa diwani. Hakujua habari ya bomba inaanziwa wapi, wala ni ofisi gani inayohusika. Akamwambia Shomvi azime mashine, apate kusikia vizuri.

Ndiyo hivyo, wajukuu zangu. Kiti cha mwema hakifungwi kamba.